Kona ya Dada: Mpe Mpishi Wako Haki ya Kukataa

Wiki hii barua za mawifi na za mahari nimeziweka kando kidogo, kwa sababu kuna moja iliyonikalisha kitako mpaka chai ikapoa. Imetoka kwa kijana ambaye yeye na wenzake watatu wanatengeneza gemu ya simu, zile za hadithi, unasoma kisha unachagua la kujibu. Mchezaji ndiye nahodha wa meli ya mizigo. Melini yumo mpishi, mwanamume anayependa wanaume, na mchezaji aliyechagua nahodha wa kiume anaweza kupendana naye. Wenzake wameisoma sehemu hiyo wakamwambia mpishi hana uhai. Kijana ananiuliza: "Dada, nimekosea wapi? Mbona nimemwandika kwa heshima zote?"

Mdogo wangu, nimezisoma kurasa zote ulizonitumia, mara mbili. Heshima nimeiona, tena tele. Mpishi wako ni mpole, mwaminifu, hamkosei mtu. Kwenye mazungumzo ya pili anamwambia nahodha, "Nina siri, mimi ni shoga." Kwenye ya tatu wanabusiana. Kwenye ya tano dhoruba inampeleka, nahodha analia, hadithi inasonga mbele. Kurasa zote hizo, na bado sijui mpishi huyu anapika nini.

Nianzie hapo hapo jikoni. Mtu aliyepika melini miaka kumi ana mikono ya mpishi. Ana kisu ambacho haruhusu mtu akiguse. Anajua nani kati ya mabaharia anachukia dagaa na nani ana vidonda vya tumbo. Ana deni dukani kwenye bandari fulani na hapendi meli itie nanga huko. Hayo yote ungemwandikia bila kufikiri kama angekuwa anapenda wanawake. Lakini ulipomfanya apende wanaume, ukaona kazi imekwisha: umempa jambo moja, ukamwachia hilo hilo limbebe tangu mwanzo hadi mwisho. Jambo moja halimbebi mtu.

Ila hilo angekwambia mwalimu yeyote wa uandishi. Ninalotaka tulizungumze kwa kirefu ni jingine, na ni la gemu peke yake.

Kwenye riwaya msomaji hana mkono. Atake asitake, wahusika watapendana pale mwandishi alipopanga. Kwenye gemu mchezaji anabonyeza. Nimehesabu kwako: akibonyeza jibu tamu mara tatu, mpishi anamwangukia. Akiwa nahodha mkali, anamwangukia. Akiwa nahodha mwongo aliyewanyima mabaharia mishahara, anamwangukia vilevile. Mpishi huyo amekuwa kama mlango wa supamaketi, ukisogea tu unafunguka. Nani ataamini kwamba mlango unampenda?

Mwaka 2014 kampuni ya BioWare, ya Edmonton nchini Canada, ilitoa gemu iitwayo Dragon Age: Inquisition. Nilikaa nayo kipindi cha mvua chote. Ndani yake yumo mchawi mmoja, Dorian, mtu wa madaha, mpenda mvinyo, mwenye ulimi mkali, na anayejua kuwa ni mzuri wa sura. Kamwandika David Gaider, ambaye naye ni mwanamume anayependa wanaume na hajawahi kulificha. Mara ya kwanza nilicheza kwa mhusika wa kike, nikamtongoza Dorian kwa kila neno tamu nililopewa. Akacheka nami, akanitania, akapigana vita vyangu, na akabaki rafiki. Mlango haukufunguka. Nilipoirudia gemu kwa mhusika wa kiume, maneno ya Dorian yakapata uzito ambao sikuutarajia, kwa sababu nilikwisha kujua kwamba mtu huyu anaweza kukataa.

Tena angalia walivyolisambaza lile "hapana". Hawakumpa Dorian peke yake. Cassandra, mwanamke shujaa wa upanga, anawapenda wanaume tu. Mchezaji wa kike akimsogelea anamkatalia kwa upole. Sera, mpiga mishale, anawapenda wanawake tu. Kila mmoja ana moyo wake, na moyo huo ulikuwapo kabla mchezaji hajawasha mashine. Kwa hiyo mpenda wanaume pale si kioja kimoja kati ya watu wa kawaida. Ni mtu kati ya watu, na kila mmoja ana anachotaka.

Najua utanijibu kwamba gemu zipo ambazo kila mhusika anakubali mchezaji yeyote, na zinapendwa. Kweli. Dragon Age II, ya mwaka 2011, ilikuwa na wenzi wanne wa namna hiyo. Baadhi ya wachezaji wa kiume walilalamika kwamba mwanamume mwenzao ndani ya gemu amewatongoza, na Gaider akawajibu hadharani kwamba mapenzi ndani ya gemu ni ya wachezaji wote, si ya kundi moja. Nakubaliana naye moja kwa moja. Mchezaji ambaye miaka yote hajajiona popote, kumwekea mlango wazi ni ukarimu.

Lakini ukichagua njia hiyo, ile "hapana" itafutie mahali pengine. Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023, imefanya hivyo vizuri sana. Yumo Astarion, aliyekuwa mtumwa wa bwana mnyonya damu kwa karibu miaka mia mbili, akitumwa kuwavuta watu kwa uzuri wake. Anampokea mchezaji yeyote, wa kike au wa kiume, tena upesi, na upesi huo wenyewe ndio kidonda. Baadaye anakiri kwamba alikuwa anatongoza ili apate mtu wa kumlinda, na kwamba mwili wake ameutumia kama chambo kwa muda mrefu hata hajui tena anataka nini. Mchezaji anayemjali anapaswa kukubali kukaa naye bila kitanda. Hapo ndipo "ndiyo" yake ya mwanzo inapoeleweka, na hapo ndipo nilipomwamini.

Sasa turudi kwa mpishi wako. Anamtaka nani, na hamtaki nani? Nahodha akiiba mishahara, mpishi afunge mlango wa jiko. Na mlango huo usifunguliwe kwa zawadi ya chupa ya manukato iliyonunuliwa bandarini. Nimeona umeweka zawadi tano, kila moja na pointi zake. Ziondoe. Mpishi mwenye heshima ya kazi yake atalainishwa na nahodha aliyekumbuka kuagiza chumvi.

Kuna jambo jingine nililolipenda kwenye ile gemu ya Dorian. Usipompenda wewe, wala usipompenda yule pandikizi la shujaa liitwalo Iron Bull, wawili hao wanaweza kupendana wenyewe. Hakuna anayekuita uje kutazama. Unatembea nao msituni, na nyuma yako unasikia wakibishana, wakichokozana, na siku moja unagundua kwamba ubishi umebadilika sauti. Mapenzi hayo si zawadi ya mchezaji. Ni yao.

Hivyo ndivyo walivyo pia Gregg na Angus wa Night in the Woods, gemu ya mwaka 2017. Wamechorwa kama wanyama, Gregg mbweha na Angus dubu, lakini mji wao ni mji halisi kabisa wa Marekani ambako migodi imefungwa na vijana hawana kazi. Wanaishi pamoja, wanafanya kazi za mishahara midogo, mmoja kwenye duka la vitafunwa na mwingine kwenye duka la kukodisha video, na wanadunduliza wapate kuhamia mji mwingine. Gregg ana wasiwasi kwamba yeye ni mtukutu mno, kwamba Angus siku moja ataona anastahili mtu bora. Wewe mchezaji ni rafiki yao tu, tena rafiki ambaye wakati mwingine anawaharibia. Sijaona mapenzi ya gemu yanayofanana na ya majirani zangu kama hayo, na sababu ni ile akiba. Wapenzi wanaodunduliza kodi ya nyumba tunawajua sote.

Wewe mpishi wako umemwandikia mapenzi yasiyo na shilingi hata moja. Mshahara anampelekea nani?

Kuhusu ile siri sasa. "Nahodha, nina siri, mimi ni shoga," kwenye mazungumzo ya pili, kwa mtu aliyemjua siku mbili, ambaye pia ndiye anayemlipa! Mdogo wangu, hakuna mtu anayefanya hivyo. Hata kampuni kubwa zimeanguka hapo. Mass Effect: Andromeda, ya mwaka 2017, ilikuwa na mwanasayansi mwanamke aliyezaliwa akihesabiwa mwanamume. Mchezaji anamsalimia mara ya kwanza, swali moja tu, naye anamweleza habari zake zote pamoja na jina lake la zamani ambalo hataki kuitwa. Wachezaji wanaoyajua maisha hayo walipinga, wakasema jina la namna hiyo halitolewi kwa mpita njia. Kampuni iliomba radhi na mazungumzo yakaandikwa upya, siri ikatoka tu kwa mchezaji aliyekwisha aminika. Maneno machache yalibadilishwa, na mtu akapatikana.

Mimi nina rafiki niliyefahamiana naye miaka tisa kabla hajaniambia. Tulikuwa tunachambua mchele kwa ajili ya maziko ya jirani. Miaka yote hiyo alikuwa akisema "mwenzangu": mwenzangu amesafiri, mwenzangu anaumwa mgongo. Siku hiyo, macho yakiwa kwenye ungo, alisema tu jina la huyo mwenzake. Lilikuwa jina la kiume. Nikasema, "Mgongo umepona?" Akasema, "Bado kidogo." Tukaendelea kuchambua. Hakutumia neno siri, wala hakutumia lile neno jingine, na mimi sikuinua kichwa kwa sababu nilijua amenipa kitu kizito na mikono yangu ilipaswa kutulia.

Hapo ndipo Kiswahili kinapokupa utajiri ambao waandishi wa Kiingereza hawana, nawe umeuacha chini. Wao wakimtaja mpenzi wa mtu, kiwakilishi mara nyingi kinafichua papo hapo kama ni mwanamume au mwanamke. Sisi tuna "yeye", tuna "amenipigia", tuna "nilimwacha bandarini akinipungia mkono". Mpishi wako anaweza kumzungumzia mpenzi wake safari nzima kwa ukweli mtupu, bila uongo hata chembe, na nahodha asijue. Ndivyo watu wengi wanavyoishi kwa lugha hii. Ila usiifanye kitendawili cha kumtega mchezaji mpaka ukurasa wa mwisho, kwa sababu maisha ya mtu hayateguliwi kama fumbo. Mchezaji msikivu aelewe mapema. Asiyesikiliza aelewe akichelewa, kama ilivyo duniani.

Kisha lugha hiyo hiyo inakubana sehemu nyingine. Mume anaoa, mke anaolewa. Kitenzi chenyewe kimekwisha kugawa nafasi. Nimeona umeandika kwamba mpishi "aliolewa" zamani. Umekusudia nini? Kama msemaji ni baharia mwenye dharau, neno hilo kinywani mwake ni tusi na linaeleza mengi kumhusu yeye. Kama msemaji ni wewe mwandishi, umempunguza mpishi wako bila kujua. Sema walioana, sema waliishi pamoja, sema walikuwa na chumba kimoja na ufunguo mmoja.

Na neno "shoga". Pwani, wanawake wawili wakiitana shoga ni marafiki wa chanda na pete, na bibi yangu aliitwa hivyo na nusu ya mtaa. Neno hilo hilo akitupiwa mwanamume ni jiwe. Mwingine amelichukua jiwe hilo akalifanya lake. Basi kila unapoliandika, jiulize limetoka kinywani mwa nani, likaingia sikioni mwa nani, na kama chumba kizima kilinyamaza. Wewe umelitumia mara kumi na moja, kwa sauti ile ile, kama cheo cha kazi.

Kuna mhusika mmoja ninayetaka umfuate kwa karibu, kwa sababu naye anafanya kazi kwenye chombo cha safari. Steve Cortez ni rubani wa Mass Effect 3, ya mwaka 2012. Ukikaa naye muda wa kutosha, unajua kwamba alikuwa na mume, Robert, aliyechukuliwa pamoja na watu wote wa makazi yao walipovamiwa. Anasema "mume wangu" kama mjane yeyote anavyosema, bila utangulizi, na hakuna askari anayeshtuka. Siku moja unamkuta anasikiliza sauti ya mwisho ya Robert, aliyeirekodi akimwambia asimfanye sababu ya kuacha kuishi. Kazi yako mchezaji si kumtongoza. Kazi yako ni kumshawishi apumzike, kusimama naye penye ukuta wa kumbukumbu za marehemu, kumwacha aage. Mapenzi yanaweza kuja baadaye sana, kwa mchezaji wa kiume anayeyataka. Lakini hata mchezaji wa kike, hata asiyetaka mapenzi kabisa, anaweza kumsaidia, na msaada huo ndio unaoamua mambo. Chombo chake kinapotunguliwa mjini London kwenye vita ya mwisho, Cortez aliyesaidiwa kuomboleza anatoka hai. Aliyeachwa na msiba wake anakufa.

Nilipolijua hilo niliinuka nikatembea chumbani. Mwandishi ameweka uhai wa mtu mikononi mwa urafiki, kabla ya busu lolote.

Na busu nalo liwe na sababu. Kwenye sehemu ya ziada ya The Last of Us iitwayo Left Behind, ya mwaka 2014, Ellie na Riley ni wasichana wawili wadogo katika dunia iliyoharibika. Riley amekuja kumuaga Ellie. Amejiunga na waasi na anahamishwa. Kabla ya hapo wanazurura kwenye jengo la maduka lililoachwa, wanavaa vinyago vya kutisha, wanapanda farasi wa bembea, wanarushiana maji kwa bunduki za plastiki, wanacheza muziki juu ya meza ya duka. Mchezaji anabonyeza vitufe ili wafanye upuuzi, hakuna zaidi. Kisha Ellie anamwomba mwenzake asiondoke, Riley anachomoa kile kidani cha waasi, na Ellie anambusu. Busu lile ni jibu. Wewe la kwako limetokea kwa sababu pointi zimetimia.

Tuje kwenye dhoruba. Kwa nini mpishi anakufa? Umeandika pembeni kwamba unataka wachezaji wamwonee huruma. Sikiliza, mdogo wangu: kwa miaka mingi hadithi, filamu na gemu zimekuwa na desturi ya kuwaua wapenzi wa jinsia moja mara tu wanapopata furaha, mpaka mtazamaji akiona wawili wanabusiana anaanza kuhesabu dakika. Gone Home, gemu ya mwaka 2013, imeitumia hofu hiyo kwa akili. Dada mkubwa anarudi nyumbani Oregon usiku wa mvua mwaka 1995, nyumba ni tupu, taa zinapepesa, na kwa barua na daftari zilizotawanyika anagundua kwamba mdogo wake Sam alimpenda msichana mwenzake. Unapanda ngazi za dari ukiogopa utakachokikuta. Unachokikuta ni habari kwamba Sam amepanda gari akaenda kwa mpenzi wake. Wako hai. Nilishusha pumzi ambayo sikujua nimeishikilia.

Mwisho wenye matumaini si jambo dogo kwetu. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki, ya Mkenya Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi, ilipigwa marufuku Kenya, na Kahiu ameeleza kwamba alitakiwa aubadili mwisho wake usiwe wa matumaini. Alikataa. Mahakama iliifungulia kwa siku 7 na watu wakajaza kumbi. Basi ukimuua mpishi wako, uwe unajua unajiunga na upande upi. Kama hadithi yenyewe inadai kifo, afe kwa kazi yake na uamuzi wake, na asiwe peke yake aliyependa namna ile ndani ya meli nzima. Ila kwa niliyoyasoma, hadithi haidai. Wewe ndiye uliyekosa la kumfanyia baada ya busu.

Umeandika pia kwamba mabaharia wote wanamchukia, na sababu hujaitaja. Chuki nayo ina mizizi. Dorian anatoka nchi ambayo koo za wachawi zinapanga ndoa kama wafugaji wanavyochagua madume, ili kila kizazi kiwe na uchawi mkali kuliko kilichopita. Baba yake alikuwa tayari kumfanyia uchawi wa damu abadilike, apate kuoa na kuzaa. Wanakutanishwa kwenye kilabu cha pombe, na kinachouma ni kwamba baba anampenda mwanawe. Sisi tunaotoka kwenye koo zinazouliza nani atarithi jina la babu hatuhitaji kufafanuliwa. Tafuta mzizi wa meli yako: ni dini, ni urithi, ni nahodha wa zamani aliyefukuza watu? Au usiweke chuki kabisa. Kwenye Hades, gemu ya mwaka 2020 ya kuzimu ya Wagiriki, Achilles na Patroclus wametenganishwa na mkataba alioutia saini Achilles kwa ajili ya mwenzake. Hakuna hata mmoja kule kuzimu anayejali kwamba wote wawili ni wanaume, na bado utengano ule unauma.

Mwenzenu mmoja, umeniambia, anasema hizi ni habari za juzi, gemu za kweli hazikuwa nazo. Mwambie kwamba Caper in the Castro ilitoka mwaka 1989. Mhusika wake mkuu ni mpelelezi mwanamke anayependa wanawake, na mtengenezaji wake aliigawa bure akiwaomba wachezaji wachangie mashirika ya kupambana na UKIMWI. Ni zaidi ya miaka 30 hiyo.

Sasa neno la kiusalama, na hili nalisema kwa uzito kuliko yote. Umesema unataka kuwahoji watu ili uandike kweli. Vizuri, bila wao utabahatisha, na usimhoji mmoja ukadhani amewasemea wote. Lakini Kenya, Tanzania na Uganda sheria bado zinaadhibu, na ya Uganda ya mwaka 2023 imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Usirekodi sauti. Usiandike majina kwenye simu, hata ya utani. Usimwombe mtu akusimulie kipigo chake. Muulize alicheka lini mara ya mwisho na mwenzake, nani anapika, nani anakoroma. Mlipe kwa muda wake. Ukishaandika mrudishie asome, na akisema toa hiki, kitoe bila kubishana. Naye ana haki ya kukataa, kama mpishi.

Nimekufanyia mfano mmoja, ukiupenda ni wako. Mazungumzo ya kwanza, si ya pili. Usiku, jikoni. Mpishi anapakua wali na mchuzi wa papa kwenye sahani mbili, kwa mazoea ya mkono. Anatazama ya pili. Anairudisha sufuriani, polepole, asimwage. Nahodha yuko mlangoni, na mchezaji ana majibu matatu: "Ya nani hiyo?", au "Nipe mimi," au anyamaze aingie kukaa. Akisema nipe mimi, mpishi amjibu, "Hii si yako, nahodha. Yako iko mezani." Akiuliza ya nani, mpishi aseme, "Ya mtu aliyependa ukoko," na aoshe sufuria. Akinyamaza akakaa, mpishi amsogezee chumvi.

Hakuna siri iliyotajwa hapo, wala busu, na hakuna pointi. Lakini tayari najua kwamba alikuwapo mtu, kwamba hayupo, kwamba nafasi yake haichukuliwi kwa kuomba, na kwamba nahodha anayejua kunyamaza anaweza siku moja kupakuliwa.

Futa dhoruba, mdogo wangu. Andika upya kuanzia sahani hiyo ya pili, kisha unitumie kabla mwezi haujaisha. Nitausoma kila ukurasa.